Sanduku yetu iko na funguo tatu, simu iko na ngapi?



Katika gazeti hili la mwezi tulipanga kuwaandikia juu ya mbegu za maharagi na bei ya kahawa. Mtavikuta kwenye kurasa zinazofuata. Lakini ukurasa wa maoni tumeupa jambo lingine, juu tumeona wakulima wakilipoteza jasho la kampanye nzima kwa simu moja ya dakika chache. Tunalomba muusome kwa sauti kwenye mkutano, ili hata wale wasiosoma wasikie na watoe mawazo yao.

Tutawahadithia kwanza yaliyopita. Jina la kooperative hatutalitaja, juu tuliahidi. Inatosha kujua kwamba ni kooperative ya kahawa, kandokando ya ziwa Kivu, watu wa kazi sana.

Yaliyopita ile asubuhi

Ilikuwa katikati ya kampanye, serise zinaiva kwa wingi. Saa ine ya asubuhi, mama mtunza-feza alikuwa ku mizani pamoja na wakulima wenye ndoo na mifuko. Simu ya kooperative ikalia.

«Mama, jambo. Habari ya kazi?»

«Nzuri, Papa. Ni nani?»

«Ni ku biro ya proje, hapa Goma. Niko pamoja na agronome wenu.» Akataja jina la agronome, tena jina la kweli. «Mama, iko kosa. Feza ya kununua serise iliingia kwenu mara mbili. Ile ya pili haiko yenu. Kama hatuisawazishi mbele ya saa sita, mashine itafunga namba yenu na feza yote itarudi.»

«Eh, Papa, mimi niko ku mizani, watu wananingojea...»

«Najua, Mama. Ndiyo maana nakusaidia mimi mwenyewe. Usikate simu. Nitakuongoza polepole.»

Akamwongoza kweli. Bonyeza hapa, andika namba hii, sasa weka kode yako ya siri, wewe mwenyewe, usinitajie, mimi sitaki kuijua. Neno hili la mwisho ndilo lililomtuliza mama. Alikuwa amefundishwa kwamba mwizi analomba kode. Huyu hakuilomba. Akaiandika kwa mkono wake, na kwa mkono wake akatuma dolari 860 kwa mtu asiyemjua. Mesaje ikaingia kwa Kifaransa, na yeye anasoma Kiswahili. Simu ikakatika. Alipomwonesha kijana mmoja ile mesaje, kijana akanyamaza.

Hiyo ilikuwa feza ya kununua serise ya siku tatu.

Hadithi haikuishia pale. Saa nane mchana, mtu mwingine akapiga simu kwa prezida. Akasema yeye ni wa upelelezi, kwamba ule mwizi ameshakamatwa, feza iko salama, inabaki tu kufungua dosye: franka 50 000. Prezida ni mtu aliyesoma, aliwahi kufundisha shule. Akatuma zile franka kutoka simu yake mwenyewe. Dosye haikufunguliwa, namba ile haikuita tena.

Siku ya mkutano mkuu ilipofika, wanachama walikaa saa tatu juu ya mama peke yake. Wengine walisema alipe yote. Wengine walisema alikula feza na wenzake, hadithi ya simu ni ya kutunga. Baba mmoja akasimama na kusema: «Tuliwaambia. Sanduku haishikwe na mwanamke.» Juu ya zile franka 50 000 za prezida, hakuna aliyeuliza neno.

Sisi tulikuwa pale, tumekaa ku benchi la wageni. Tuliona aibu, na tunataka kueleza ni kwa nini.

Haiko ujinga

Watu wengi wanafikiri kwamba anayedanganywa kwa simu ni mtu wa kijijini, hakusoma, hajui teknolojia. Hapana hivyo.

Tarehe 15 Julai 2020, kule Marekani, wezi waliingia ndani ya kampuni ya Twitter, kampuni kubwa yenye mainjinia wa kompyuta. Hawakuvunja kompyuta. Walipigia simu wafanyakazi na kujifanya ni wenzao wa huduma ya kompyuta: tuko tunarekebisha tatizo lenu, ingieni hapa, wekeni kode zenu. Wafanyakazi wamoja wakaziweka. Siku ile, kwa majina ya Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates na wengine, kukaandikwa ahadi ileile: nitumieni feza, nitawarudishia mara mbili. Watu wakatuma zaidi ya dolari 100 000. Serikali ilipofuatilia, ikakuta kwamba mkubwa wa mpango ule ni kijana wa miaka 17, wa mji wa Tampa.

Alikuwako Mmarekani mwingine, Kevin Mitnick, aliyekaa jela karibu miaka mitano kwa kuingia ndani ya kompyuta za makampuni. Alipotoka, mwaka 2000, wakubwa wa Baraza la Seneti walimwita awaeleze. Akawaambia kwamba mara nyingi hakuhitaji ufundi wowote wa mashine. Alipiga simu tu, akajifanya mtu mwingine, akalomba, akapewa.

Ukilinganisha simu ya Tampa na simu ya kando ya ziwa, utaona ni simu moja. «Mimi ni mwenzenu. Iko tatizo. Nakuja kuwasaidia. Fanyeni haraka.» Ikiwa mainjinia walinaswa na maneno haya, tutamhukumu namna gani mama aliyekuwa ku mizani, mkono mmoja ku mifuko na mwingine ku simu?

Milango mitano

Mwizi wa namna hii anamjua mtu kuliko anavyoijua simu. Anatafuta mlango ulio wazi moyoni. Tumesikiliza wanakooperative wengi, na mara kwa mara tunakuta milango hii mitano.

Wa kwanza ni haraka. «Mbele ya saa sita.» «Nafasi zinabaki mbili.» Mtu akikimbizwa hafikiri. Ndiyo maana mwizi anasema usikate simu: anaogopa zile dakika mbili ambazo ungemuuliza jirani yako.

Wa pili ni woga. «Namba yako itafungwa.» «Feza itarudi.» Hasa siku hizi. Tangu benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, feza nyingi zaidi ya vijiji inapita ndani ya simu. Mtu akisikia simu yake itafungwa, ni kama kusikia duka lake linaungua.

Wa tatu ni heshima. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na ni malezi mazuri. Lakini mwizi anaivaa ile heshima kama koti. Anasema yeye ni shefu, ni dokta, ni mtu wa proje. Wakati mwingine anatumia WhatsApp ya mkubwa wa kweli: alimlomba kwanza «ile kode ya tarakimu sita iliyokuja kwako kwa kosa», mkubwa akampa, na pale pale WhatsApp yake ikahamia kwa mwizi. Kisha mesaje zinatoka kwa picha na jina la prezida wenu: «Mtume haraka franka kwa hii namba, nitaeleza nikifika.» Nani atabisha?

Wa nne ni tamaa. Tusikasirike kwa neno hili. Kutamani pampu ya dawa, mbegu bora au msaada wa dolari mia si dhambi, ni shida ya maisha. Mtu anapita kijijini au anapiga simu: «Liste ya msaada mpya inafungwa leo, feza ya fishi ni franka 5 000 kwa mtu.» Kijiji kizima kinachanga. Watu hamsini, franka 5 000, ni franka 250 000, na yule mtu haonekani tena.

Wa tano ni huruma. Mesaje inaingia, inafanana na ya kampuni, inasema umepokea franka 80 000. Kisha sauti ya mama inalia: «Yaya, nimekosea namba, ni feza ya hospitali ya mtoto, nirudishie kwa ajili ya Mungu.» Unarudisha kutoka akiba yako. Baadaye ukiangalia akiba yenyewe, unakuta hakuna kilichoingia. Ile mesaje iliandikwa na mwizi kwa vidole vyake.

Angalieni vizuri milango hii. Heshima, huruma, kutaka kurekebisha kosa haraka: hayo ndiyo tunayofundisha watoto wetu. Mama wa mizani aliposikia kwamba feza ya pili haiko yake, alitaka irudi kwa mwenyewe. Aliibiwa kwa sababu ni mwaminifu. Kwa hiyo dawa haiwezi kuwa kuambiana «muwe wakali, msiamini mtu». Kooperative yenyewe inaishi kwa kuaminiana.

Na sisi wa mashirika tuko na kosa

Sasa tuseme juu ya nafsi zetu, juu ni rahisi kumfundisha mkulima na kujiacha sisi.

Yule mwizi alijuaje jina la agronome wetu? Alijuaje kwamba feza imeingia juma lile, na kwamba simu inashikwa na mama? Tulipofika ku depo ya kooperative, tulipata jibu ukutani. Kulikuwa liste, imebandikwa na watu wetu wenyewe, karatasi nzuri yenye alama yetu: majina ya komite, kazi ya kila mtu, namba za simu, siku ya kutuma feza. Tuliibandika kwa jina la uwazi. Kila mpita njia mwenye biki aliweza kuinakili. Hatusemi tunajua kwa hakika ndivyo mwizi alivyopata habari, lakini tulimwachia mlango wazi.

Iko jambo zito kuliko karatasi. Kwa miaka mingi sisi wa mashirika tumewazoeza watu wa vijiji kumtii mgeni. Mtu asiyejulikana anapiga simu au anashuka ku motari, amevaa jile, ameshika kaye. Anauliza jina, karte ya uchaguzi, watoto wangapi, namba ya simu. Anasema: tia kidole hapa. Hasemi ni kwa nini, na mkulima haulizi, juu anayeuliza sana anaogopa kutolewa ku liste. Tumefanya hivyo kila mwaka, kisha tunashangaa mkulima anapomtii mwizi anayesema kama sisi.

Hata masomo yetu yalikuwa na tundu. Tulifundisha: «Usimtajie mtu kode yako.» Mama alilishika somo. Mwizi naye alilijua somo, akapita pembeni yake. Tulipashwa kufundisha jambo moja zaidi: kode ni sahihi yako. Pale unapoiweka, umesaini, hata kama hakuna mwingine anayeijua. Usisaini karatasi ambayo mtu anakuandikisha huku anakukimbiza.

Funguo tatu

Wengi wenu muko ndani ya AVEC. Njia hii ya akiba ilianzia Niger mwaka 1991 na wamama wa vijijini, na leo iko karibu kila kijiji chetu. Mnajua sanduku: chuma, kofuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na anayelaza sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Haifunguliwi ila mbele ya wanachama wote. Tuliweka kofuli tatu, si juu tunawaona wenzetu kuwa wezi. Tuliziweka ili hata mtu mzuri, siku ya udhaifu wake, siku mtoto anaumwa, siku mtu anamtisha, asiweze kuifungua peke yake. Kofuli zinamlinda yeye mbele ya kulinda feza.

Kisha feza ikahama kutoka sanduku kwenda simu, na zile kofuli tukaziacha nyuma. Simu moja, kode moja, mama mmoja. Feza ileile ambayo jana ilikuwa na funguo tatu, leo iko ndani ya mfuko wa kikwembe. Halafu inapopotea, tunamuuliza mama alikuwa wapi. Swali linalopashwa kuulizwa ni jingine: sisi wote tulikuwa wapi, tukimwachia peke yake?

Maoni yetu ni haya: kila kooperative irudishe funguo tatu, sasa, ndani ya simu. Haihitaji mashine mpya. Yanatosha mambo haya.

Moja. Simu ya feza iwe ya feza tu. Isipigwe muziki, isikopeshwe mtoto, na usiku ilale ndani ya sanduku lenye kofuli. Anayeijua kode asiwe ndiye mwenye ufunguo wa sanduku.

Mbili. Hakuna kutuma feza mkiwa chini ya wawili, na wa tatu anaandika ndani ya kaye mbele ya kubonyeza: tarehe, kiasi, jina la anayepokea, sababu. Ukisoma sababu kwa sauti mbele ya wenzako, uongo mwingi unajionesha wenyewe. «Tunatuma dolari 860 kwa mtu wa biro tusiyemjua, juu amesema mashine itafunga.» Nani angesaini hayo?

Tatu. Kata simu, kisha piga wewe. Mtu yeyote anayetaja feza kwa simu, hata akiwa na sauti ya prezida, mnamwambia: «Asante, Papa, tutakupigia.» Kisha mnapiga, si kwa namba iliyowapigia, lakini kwa namba iliyoandikwa ndani ya kaye siku mlipokutana na mtu yule uso kwa uso. Mtu wa kweli atapokea. Mwizi atakasirika, na hasira yake ndiyo jibu.

Ine. Feza isikae nyingi ndani ya simu. Muweke kikomo, mukiandike ndani ya sheria za ndani, na kinachozidi kitoke kwa kazi yake. Mwizi hawezi kuchukua kisichokuwepo.

Tano. Mukipokea mesaje ya feza, musiisadiki. Muangalie akiba yenyewe. Na kama mesaje iko kwa lugha musiyoisoma, musibonyeze lolote mpaka mtu wa komite aisome. Kijana wa kabine anaweza kuwasaidia kusoma, lakini kode asiione.

Komite ya uangalizi nayo iamke. Sheria ya kooperative ya OHADA, inayotumika Kongo tangu 2012, inataka kila kooperative iwe na watu wa kuangalia kazi ya wasimamizi, hata kooperative ndogo. Katika vijiji vingi watu hao wako ku karatasi tu. Wapewe kazi hii: kila juma kufungua kaye na simu pamoja, na kuona kama vinapatana.

«Lakini serise haingojei»

Tunasikia jibu lenu. Serise ikivunwa asubuhi inapashwa kutolewa ganda siku ileile, la sivyo inachacha na ubora unaanguka. Mkulima akikosa feza ku mizani, anaipeleka kwa mnunuzi wa njiani. Rezo inakatika. Prezida yuko shambani, mwandishi yuko matanga. Ukingoja watu watatu, kahawa inaoza.

Ni kweli, na hatutaki kudanganya kwamba kanuni hizi ni bure. Zinakula wakati. Kuna siku zitawachelewesha, na kuna mkulima atakayenung'unika. Kwa hiyo mutenganishe: feza ndogo ya kununua serise za siku moja, mama awe nayo peke yake ku mizani, awe huru. Feza kubwa, na kila feza inayotoka kwenda kwa mtu asiye mkulima wenu, iwe chini ya funguo tatu bila kusamehe siku hata moja. Hivyo mwizi akishinda, atashinda kidogo.

Muhesabu pia upande mwingine. Ile kooperative ilikosa feza ku mizani siku tatu. Wakulima wamoja walipeleka serise kwa wanunuzi wa njiani na hawajarudi mpaka leo. Kupiga simu ya kuhakikisha kungekula dakika tano.

Aibu ni rafiki wa mwizi

Turudi kwa mama wa mizani. Alipogundua kwamba ameibiwa, alifanya nini? Alinyamaza mpaka mchana. Aliogopa bwana yake, aliogopa komite, aliogopa kuitwa mwizi. Ule muda ndio mwizi alioutumia kutoa feza ku kabine za mjini. Feza ya simu inaweza kuzuiwa kama kampuni inajulishwa mapema, ingali ndani ya namba ya mwizi. Ikishatolewa mkononi, imekwenda.

Kwa hiyo kooperative inayomfukuza anayedanganywa inajifunga yenyewe. Inawafundisha wengine wote kwamba ukinaswa, ufiche. Sisi tunasema kinyume: muandike ndani ya sheria zenu kwamba anayetoa habari ndani ya saa moja hataadhibiwa, na anayeficha ndiye atakayejibu. Kisha pale pale mupigie huduma ya kampuni ya simu, mutunze mesaje na namba, na mufikishe mashtaka. Sheria ipo: Kode ya numerike ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu udanganyifu wa namna hii. Lakini muwe macho na simu ya pili. Anayewapigia akiahidi kurudisha feza kwa malipo kidogo, huyo ni mwizi yuleyule, au ni ndugu yake.

Na wababa watusikilize kwa upole juu ya lile neno la «sanduku haishikwe na mwanamke». Ile siku walidanganywa watu wawili, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja. Aliyehukumiwa ni mmoja. Kama kosa ni la kutosoma, kwa nini mwalimu alinaswa? Kama ni la uanamke, kwa nini prezida alituma? Wamama wamelinda masanduku ya AVEC miaka na miaka, wakati wa vita na wakati wa kukimbia, wengine walikimbia na sanduku kichwani wakaacha sufuria. Tusitumie simu ya mwizi kuwanyang'anya kazi ambayo wameifanya vizuri. Kidole kimoja hakivunji chawa, kiwe cha mume au cha mke.

Ahadi zetu kwenu

Nasi tunaweka yetu, muyatunze na mutuulize siku tutakapoyasahau.

Hatutawalomba kode kamwe, wala hatutawaambia mubonyeze kitu ku simu tukiwaongoza. Hatutadai hata franka moja kwa kuandikishwa ku liste: msaada ni wa bure, na anayelomba feza ya fishi kwa jina letu ni mwongo, hata akiwa na jile yetu. Liste zetu tumezitoa ukutani. Majina yatasomwa mkutanoni, namba za simu hazitabandikwa tena. Agronome mpya hatafika bila kuletwa na mtu munayemjua tayari. Na mkituuliza «ni kwa nini unataka karte yangu?», tutajibu. Anayeuliza hatatolewa ku liste.

Tena, mkitukatia simu, hatutakasirika.

Ile kooperative, mwishoni, haikumfukuza mama. Wazee wawili na mama mmoja wa komite ya uangalizi ndio waliogeuza mkutano. Walimuuliza prezida, mbele ya wote, juu ya zile franka 50 000. Akainamisha kichwa, kisha akaeleza yote, na baada ya pale makelele yakatulia. Deni wakaligawa kooperative nzima, wanalilipa kidogo kidogo ku bei ya kila kilo, na wengine bado wananung'unika. Simu sasa inalala ndani ya sanduku.

Juma lililopita agronome wetu, yule wa kweli, alipigia ile simu kuuliza kiasi cha feza ya kampanye. Mama akasema, «Asante, Papa, tutakupigia,» akakata. Kulipita dakika saba. Akapiga, na pembeni yake kulisikika sauti mbili nyingine zinasoma kaye.

Katika mkutano wenu ujao, mujiulize maswali matatu na mutuandikie majibu. Nani peke yake anaweza leo kutoa feza yetu yote? Akipigiwa simu sasa hivi, ataweza kumuuliza nani? Na akikosea, ataogopa kutuambia?